Kutengeneza Filamu za Kanisa Kama Kazi: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameshika kamera kwenye ibada, amerekodi kwaya mara kadhaa, na sasa anataka filamu za dini ziwe kazi ya kumlipa na ya kudumu. Kamera na lenzi nitazipitia haraka, kwa sababu hayo yanafundishwa kila mahali. Nitakaa zaidi kwenye makubaliano, muswada (maandishi ya hadithi na mazungumzo ya filamu) na ushuhuda. Filamu nyingi za kanisa huharibikia kwenye kikao na kwenye karatasi, kabla taa hata moja haijawashwa, na mtengenezaji mwenye kipaji akajikuta amekosana na watu anaoshiriki nao meza ya Bwana.

Hatua ya 1: Jua unaomba kazi ipi

Ukisema "nataka kutengeneza filamu za kanisa" hujasema kitu bado. Kuna tangazo la mkutano, video ya mafundisho ya ndoa au ubatizo, filamu ya makala, yaani ya matukio ya kweli, kuhusu historia ya usharika, ushuhuda wa mtu mmoja, na tamthilia ya saa moja na nusu yenye waigizaji. Kila moja ina mteja wake. Usharika au parokia moja huweza kulipia kazi fupi. Makao makuu ya dhehebu na mashirika ya umisionari ndiyo huwa na bajeti ya makala na mafundisho. Tamthilia ndefu karibu kila mara inabidi itafutiwe fedha zake peke yake.

Vilevile amua utakaa upande gani: mwajiriwa katika idara ya mawasiliano, fundi wa mkataba anayehudumia makanisa kadhaa, au mtayarishaji anayejitegemea anayelipeleka wazo lake kwa kanisa. Mwajiriwa ana mshahara lakini hachagui hadithi. Anayejitegemea huchagua hadithi, lakini kuna miezi hana mteja. Mimi humshauri anayeanza afanye mkataba na makanisa mawili au matatu tofauti, kwa sababu anayetegemea kanisa moja tu huogopa kumwambia mchungaji wake kwamba wazo fulani ni baya.

Utakutana na wazee wenye wasiwasi kwamba sinema ni mambo ya dunia. Wajibu kwa upole na kwa historia. Mateso ya Kristo yalipigwa filamu mwishoni mwa miaka ya 1890, sinema yenyewe ikiwa bado changa kabisa. Papa Pius XI aliandika waraka mzima kuhusu sinema mwaka 1936, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa hati kuhusu vyombo vya mawasiliano Desemba 1963. Mhubiri wa Marekani Billy Graham alikuwa na kampuni yake ya filamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mjadala huu umeshafanyika, na makanisa mengi yameshaujibu.

Hatua ya 2: Fanya kazi tatu fupi kwanza

Usiombe bajeti ya tamthilia wakati huna cha kuonyesha. Tengeneza kazi tatu, kila moja isizidi dakika tano.

Ya kwanza isiwe na maneno hata moja. Mfuate mtu anayefungua kanisa kabla ya watu kufika: funguo, mlango, viti vinavyonyooshwa mstari, vumbi linaloelea kwenye mwanga wa dirisha, kidole kinachogonga maikrofoni kuona kama inafanya kazi. Ukiweza kumfanya mtazamaji aheshimu huduma ya mtu huyo bila sauti ya msimulizi kumwambia aiheshimu, umeanza kuwa mwongozaji.

Ya pili iwe mahojiano ya mtu mmoja. Ya tatu iwe igizo la watu wawili katika chumba kimoja. Waigizaji utawapata kwenye kikundi cha maigizo cha kanisa, nao wana tabia moja utakayopaswa kuifanyia kazi: wamezoea jukwaa. Jukwaani mtu hutupa sauti hadi kiti cha mwisho na kunyanyua mkono ili aonekane. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni. Mazoezini waambie wazungumze kama vile kuna mtoto amelala chumba cha pili, uone sura zinavyobadilika. Kutoka jukwaani, hata hivyo, ni njia nzuri. Mike Bamiloye wa Nigeria, aliyeanzisha huduma ya Mount Zion mwaka 1985, alianza na michezo ya kuigiza kabla ya kuingia kwenye video.

Hatua ya 3: Kaeni kikao, na kila kitu kiandikwe

Hapa usione haya. Watu wa kanisa hupenda kusema "sisi ni ndugu, tutaelewana." Ndugu ndio wanaohitaji karatasi zaidi, kwa kuwa wakikosana hawana pa kwenda, Jumapili wanakutana tena.

Kwanza, andikeni lengo kwa sentensi moja. "Filamu hii inatengenezwa ili vijana waliofiwa na mzazi waone kwamba wanaweza kuomboleza ndani ya kanisa bila kuonekana hawana imani." Sentensi ya namna hiyo itakuokoa baadaye, pale mjumbe mmoja atakapotaka kuingizwe dakika nne za uzinduzi wa jengo. Utairudia sentensi mbele yao na kuuliza kama jengo linaisaidia.

Pili, mtajwe mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Halmashauri ya watu kumi na wawili haiwezi kuhariri filamu. Iteue mtu, naye akusanye maoni ya wenzake na kukuletea kwa maandishi. Kwenye mkataba iandikwe hivi: "Mwakilishi wa kanisa atasoma na kusaini muswada kabla ya kushuti. Baada ya hapo atapewa nafasi mbili za kuomba marekebisho ya uhariri. Badiliko linalohitaji kushuti upya litalipiwa peke yake." Maswali ya mafundisho ya imani yaishie kwenye muswada. Kurekebisha sentensi kwenye karatasi hakugharimu kitu, kuirekebisha baada ya kushuti kunagharimu siku nzima ya watu ishirini.

Tatu, umiliki. Filamu ni ya nani? Kanisa linaweza kuiuza? Wewe unaruhusiwa kuitumia kuonyesha wateja wengine? Picha ambazo hazikutumika zitakaa kwa nani, na kwa muda gani? Ongezeni na swali ambalo wengi hulisahau: mchungaji akihamishwa katikati ya kazi, makubaliano yanabaki na nani? Jibu sahihi ni kwamba mkataba ni wa taasisi, na usainiwe na viongozi wawili.

Nne, malipo kwa awamu: sehemu mnaposaini, sehemu kabla ya kushuti, sehemu baada ya kuona uhariri wa kwanza, na kinachobaki mnapokabidhiana. Usikubali kulipwa "baada ya uzinduzi."

Na kama unajitolea? Jitolee kwa moyo wote, lakini andika ankara kamili yenye thamani halisi ya kazi, kisha chini yake mstari mmoja: "Mchango wa mtengenezaji," na kiasi unachosamehe. Kanisa litajua thamani ya ulichotoa, na mwaka ujao, ukiomba malipo, hakuna atakayedhani umebadilika ghafla.

Hatua ya 4: Muswada usiwe mahubiri

Mahubiri yana mimbari yake. Filamu inapojaribu kuhubiri, waliookoka hutikisa kichwa kukubali, na yule aliyekusudiwa hasa huinuka na kuondoka.

Makosa ni yale yale. Mlevi anakutana na mtumishi, anaombewa, kesho yake ana kazi na ndoa imepona. Mtu asiyeamini anachorwa kama mjinga au katili. Maombi yote yanajibiwa kabla ya dakika ya tisini. Lakini Biblia yenyewe haisimulii hivyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani. Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali ambalo nabii halijibu. Katika Luka 15 baba anatoka nje kumsihi mwana mkubwa, na hatuambiwi kama aliingia kwenye sherehe au alibaki uani. Ukiogopa kumwachia mtazamaji swali, kasome upya sura hiyo.

Tuchukue mfano. Mhazini wa kwaya ameazima fedha za kwaya kwa siri akalipa deni lake. Muswada dhaifu utamwandika hivi:

MKE: Mume wangu, umetenda dhambi. Neno la Mungu linasema tuungame dhambi zetu.
MHAZINI: Kweli mke wangu. Nimekosa. Nitaungama.

Hakuna mtu anayeongea hivyo nyumbani. Uandike upya kwa kuwapa watu hawa kitu cha kufanya na kitu cha kuficha:

MKE: Mwalimu wa kwaya amepita hapa.
MHAZINI: Alitaka nini?
MKE: Daftari la hesabu. Nimemwambia liko kazini kwako.
MHAZINI: (kimya) Liko hapa kabatini.
MKE: Najua liko wapi.

Hakuna aya ya Biblia iliyotajwa, na dhambi imejaa chumba kizima. Mke naye ameshadanganya kwa ajili yake. Kuanzia hapo mhazini ana uamuzi wa kufanya, na uamuzi wowote utakuwa na gharama. Toba yenye gharama ndiyo mtazamaji anayoiamini. Akiungama, apoteze kitu kweli: cheo, rafiki, au heshima ya mtoto wake. Neema itaonekana kwa namna watu watakavyompokea, na wengine wasimpokee, maana ndivyo ilivyo hata makanisani.

Mpinzani wa imani mpe hoja yake bora kuliko zote. Kama huwezi kuiandika hoja hiyo kwa nguvu, kaa na mtu anayeiamini umsikilize.

Ukitengeneza hadithi ya Biblia yenyewe, amueni mapema mtafuata andiko kwa ukaribu gani. Filamu ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979 ilishikilia Injili ya Luka, na uamuzi huo ulipunguza ubishi mwingi. Ninyi mkichanganya Injili nne, au mkitunga maneno ambayo andiko halina, mwakilishi wa kanisa ajue kila mstari uliotungwa. Wekeeni alama pembeni mwa muswada.

Hatua ya 5: Ushuhuda, mahali pa kuogopa zaidi

Ushuhuda ndio utakaokupa kazi nyingi, na ndio unaoweza kumdhuru mtu kwa miaka. Mwanamke anayesimulia kipigo cha nyumbani, kijana aliyewahi kuuza dawa za kulevya, mtu aliyebadili dini akiwaacha jamaa wasiomsamehe: hao wakisimama mbele ya kamera wana furaha, wana shukrani, na wamezungukwa na watu wanaosema "amina." Huo si wakati wa kusainisha idhini. Zungumza nao siku nyingine, peke yao, bila kiongozi wa kanisa chumbani. Waulize: nani akiiona video hii itakuletea shida? Mwanao akiikuta baada ya miaka kumi utajisikiaje? Kuna jina la mtu mwingine ndani ya hadithi yako ambaye hajaulizwa? Jina na sura vinaweza kufichwa, na sauti ikabadilishwa. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi ni lazima, na hata ikipatikana, mtoto asisimulie alivyodhulumiwa.

Mwonyeshe mhusika uhariri kabla kanisa halijauona. Akisema ondoa, ondoa. Sijaona filamu ambayo thamani yake ilizidi usalama wa mtu aliyemo.

Ushuhuda wa uponyaji una sheria yake ya ziada. Simulia alichopitia mhusika kwa maneno yake, usiongeze. Filamu isimwambie mtazamaji, wala kumdokezea, kwamba aache dawa. Kama mhusika aliendelea na matibabu, hilo lisikatwe kwenye uhariri ili muujiza uonekane mkubwa. Kukata hivyo ni kusema uongo, na mgonjwa mwingine anaweza kulipa kwa maisha yake.

Sasa ufundi wa mahojiano. Watu wa kanisani wana lugha ya ushuhuda waliyoizoea: "Namshukuru Mungu, amenitoa mbali, siko kama nilivyokuwa." Ni maneno ya kweli kwao, ila kamera haioni kitu. Waache wayaseme, kisha uliza vitu vidogo. Ulikuwa umekaa wapi? Ilikuwa usiku au mchana? Nani alifungua mlango? Ulivaa nini? Mtu akianza kukumbuka kitasa cha mlango, na mengine yote hufuata. Usimfanyishe mazoezi, kwa kuwa mara ya pili atakusimulia alivyosimulia mara ya kwanza. Akinyamaza, usimkimbilie na swali jingine. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi.

Akianza kulia, usisogeze kamera karibu. Muulize kama angependa kupumzika.

Hatua ya 6: Siku ya kushuti

Sauti kwanza. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, sauti mbovu haivumilii. Majengo ya kanisa yana mwangwi, hivyo mahojiano yafanye kwenye ofisi ndogo au chumba chenye mapazia na vitambaa, na maikrofoni ikae karibu na kifua cha mzungumzaji. Zima feni na majokofu. Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika hadi dakika nzima ya ukimya wa chumba hicho, mhariri ataihitaji kuziba pengo.

Taa za ndani nyingine hupepesa kwenye video. Penye umeme wa hezi 50, shuti fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Penye hezi 60, tumia fremu 24 au 30 na shata ya 1/60. Mambo mengine ya kamera utayajua kwa kuitumia.

Ndani ya ibada uliza mapema ni wakati gani na mahali gani hapapigwi picha. Wengine hawaruhusu kamera wakati wa mageuzo (mkate na divai vinapowekwa wakfu katika Misa) au Meza ya Bwana, wengine hawataki mtu apite mbele ya madhabahu. Usisimame kamwe kati ya waumini na madhabahu. Ibada ni yao, na wewe umepewa nafasi tu.

Watu wa kujitolea watunze. Kila mmoja aambiwe saa yake ya kufika na saa ya kuondoka, na uzishike zote mbili. Wape chakula na maji. Mtu aliyesubiri saa sita juani ili apite nyuma ya kamera mara moja hatarudi tena, na atawaambia wenzake. Jioni hiyo hiyo nakili kadi zote kwenye diski mbili, moja ulale nayo wewe na nyingine ilale nyumba nyingine. Usifute kadi hadi umezifungua nakala zote mbili na kuona picha zinacheza.

Hatua ya 7: Ruhusa za nyimbo na maandiko

Wimbo mmoja unaweza kuwa na haki nne ndani yake: maneno, tuni, mpangilio wa sauti za kwaya, na rekodi yenyewe. Maneno ya karne ya 18 yanaweza kuwa huru, huku mpangilio wa mwaka juzi ukiwa na mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, ulinzi wa kawaida hauwi chini ya maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka miaka 70. Ruhusa ya kuimba kwenye ibada haimaanishi ruhusa ya kuweka wimbo kwenye filamu. Hata kwaya ya kanisa lako isaini.

Tafsiri nyingi za kisasa za Biblia nazo zina mwenye haki. Aya chache kwa kawaida hazina shida mkitaja tafsiri, ila sura nzima iliyosomwa kwenye filamu inahitaji barua kwa mchapishaji.

Hatua ya 8: Fedha

Mfano unaotajwa sana ni wa kanisa la Kibaptisti la Sherwood, Albany, jimbo la Georgia nchini Marekani. Ndugu Alex na Stephen Kendrick walianza na filamu ya dola kama 20,000 mwaka 2003. Ya pili, "Facing the Giants" ya 2006, iligharimu dola kama 100,000, washirika wa kanisa wakijitolea mbele na nyuma ya kamera, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 10 kwenye majumba ya sinema. Walipoomba ruhusa ya kutumia wimbo, kampuni ya muziki ikaiona filamu, na mlango wa usambazaji ukafunguka. Usiahidi halmashauri yako namba hizo. Wengi waliofuata njia hiyo hawakurudisha walichotoa. Kilicho cha kuiga ni mpangilio: kazi ya kwanza ndogo, watu wale wale, na karatasi za ruhusa zilizoombwa kwa utaratibu.

Mradi uwe na akaunti yake, watia saini wawili, na risiti ya kila kitu. Fedha ya sadaka isiguswe bila azimio lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kwenye bajeti weka asilimia 10 ya dharura, na uhariri uupe fungu lake tangu mwanzo, kwa sababu filamu nyingi hukwama hapo: picha zipo, fedha zimeishia kwenye mavazi.

Hatua ya 9: Onyesha, kisha fuatilia

Kabla ya uzinduzi, waonyeshe watu wachache wasio wa kanisa hilo. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize hadithi ilihusu nini, na ni wapi walichoka. Wakikosea hadithi, uhariri ndio wenye kosa.

Hifadhi mazungumzo, muziki na sauti za mazingira kwenye njia tofauti za sauti, bila kuvichanganya, hadi mwisho. Filamu ile ya Yesu ya 1979 imeingizwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000. Yako inaweza kuhitaji lugha mbili tu, lakini kama maneno na muziki vimeshachanganywa pamoja hutaweza hata moja. Andaa pia maandishi ya chini ya picha kwa ajili ya viziwi, na maswali matano ya mazungumzo kwa vikundi. Filamu ya kanisa huonekana zaidi kwenye vikundi vidogo kuliko kwenye uzinduzi.

Baada ya mwaka mmoja, mpigie kila mtu aliyetoa ushuhuda. Muulize anaendeleaje, na kama bado anakubali video ibaki mtandaoni. Kifungu cha kuiondoa kiwepo kwenye mkataba tangu Hatua ya 3, kikitaja ni siku ngapi kanisa litachukua kuiondoa na nani mwenye nywila ya chaneli.